Masika ya Injinia

Jumatatu, 4 Machi
Mawingu tu. Mvua bado.

Nilipokuwa nafundisha fizikia nilikuwa na desturi ya kuandika shajara kila masika, ili wanafunzi wangu waone kwamba hali ya hewa haifahamiki kwa kuilalamikia. Nilipostaafu nikaacha. Naanza tena leo kwa sababu nyumba yetu imepata mtu wa tatu, na mtu huyo ana jambo ninalotaka kulifuata toka mwanzo bila kuitegemea kumbukumbu yangu, ambayo siku hizi hunijibu leo swali nililoiuliza juzi.

Mjukuu wetu, binti wa mwanangu mkubwa, amemaliza chuo kikuu. Amesomea uhandisi wa vifaa vya tiba. Watu wakisikia hivyo huitikia "aa" kisha wakabadili mazungumzo, kwa hiyo nieleze. Daktari anamtibu mgonjwa; yeye anavitibu vile vitu ambavyo daktari anamtibia mgonjwa. Kipimo cha presha kikianza kudanganya, au kitanda cha joto cha watoto njiti kikipoa, yeye ndiye wa kuitwa. Hospitali ya mji wetu haijawahi kuwa na mtu wa namna hiyo. Kitu kikiharibika husukumwa kwenye chumba kilicho nyuma ya jiko, mlango ukafungwa, hadithi ikaishia hapo.

Amekuja kujitolea hadi masika yaishe. Kampuni moja ya jijini inayouza vifaa vya hospitali imeshampa kazi, pamoja na gari, aanze Juni. Baba yake alitaka aende sasa hivi akaizoee ofisi. Yeye amesema kwanza anataka kukifungua kile chumba.

Bibi yake alimpokea mlangoni. "Karibu, mke mwenzangu. Mume ndiye huyo kwenye kiti. Amechakaa kidogo, lakini chai bado anakunywa mwenyewe."

"Nimekuja kumchukua, bibi."

"Mchukue. Na magoti yake uyachukue, usiniachie."

Jumatano, 6 Machi
Manyunyu asubuhi, yakakata.

Nimemsindikiza. Kufuli ya kile chumba ilibidi ikatwe kwa msumeno maana ufunguo hakuna anayejua ulikokwenda. Ndani kulikuwa na vitanda visivyo na miguu, taa ya upasuaji iliyokatika shingo, na pembeni, chini ya maboksi, mashine sita za oksijeni. Kila moja ni kubwa kama kabati dogo la pembeni mwa kitanda, na ina magurudumu.

Mjukuu wangu alipiga magoti mbele ya mashine hizo kama aliyekutana na ndugu waliopotea. "Babu, unajua hizi ni nini?"

Najua sasa, na nitaieleza hapa kwa sababu nimeipenda. Hewa tunayovuta sehemu yake kubwa ni naitrojeni, ambayo mwili hauna kazi nayo. Mashine hii huvuta hewa ya chumbani, huibana, kisha huipitisha kwenye mikebe yenye punje nyeupe mfano wa mchele. Punje hizo huishika naitrojeni, oksijeni hupita. Basi. Hakuna mtungi wa kujaza. Inahitaji umeme na hewa ya bure.

Mitungi yetu huletwa na lori kutoka jijini. Masika barabara hukatika, na masika ndipo vifua vya watoto vinapobana. Kila mwaka mambo hayo mawili hukutana. Ndiyo maana mjukuu wangu hakutaka kungoja Juni.

Daktari mkuu, mtu mfupi anayezungumza huku akitembea, alimwambia: "Nakupa hadi mwisho wa mvua, binti. Lakini wodi yangu si mahali pa kujifunzia. Mashine ikitoka huku iwe imepona kweli."

Getini tulimkuta jirani yetu muuza mkaa, anayeleta magunia ya jikoni. Alimtazama mjukuu wangu mikono.

"Injinia! Digrii nzima, halafu umekuwa mweusi kunishinda mimi?"

"Wewe wa mkaa, mimi wa vumbi. Tuone nani ataoga akatakata."

"Mimi nikioga mke wangu hanitambui, hudhani mgeni ameingia." Wakacheka wote. Jina la Injinia limemganda hapo hapo. Hadi jioni mji mzima ulikuwa unalitumia.

Jumamosi, 9 Machi
Mvua ya kwanza ya kweli. Paa la jikoni linavuja palepale pa mwaka jana.

Alhamisi, 14 Machi
Mvua mchana, jua jioni.

Mashine ya kwanza imepona. Vichujio vyake vilikuwa vimeziba kwa vumbi hadi vimekuwa kama blanketi, na vali moja ilikuwa imekwama. Aliiwasha asubuhi chumbani kwake nyuma ya jiko, na hadi jioni ilikuwa bado inahema: puu, haa, puu, haa.

Tuliisukuma hadi wodi ya watoto. Wodi hiyo ni ya Matroni, mama mmoja mrefu, ambaye sakafu yake inang'aa hadi wageni huvua viatu bila kuambiwa. Aliipokea kama anapokea bibi harusi. Injinia alimweleza vitufe vyote, na mwishoni akamkazia macho:

"Matroni, adui wa mashine hii ni vumbi. Vumbi ndilo lililoziua zote. Tafadhali."

"Mwanangu," alisema Matroni, "hapa kwangu vumbi huomba ruhusa kuingia, na mimi huikataa."

Jumamosi, 16 Machi
Mke wangu amerudi sokoni na uzi mweupe, uzi wa buluu, na kitambaa kizito cha bitana. Nimeuliza nani amejifungua. Nimeambiwa si kila kitu cha kuulizwa na wanaume.

Jumanne, 19 Machi
Mvua. Mke wangu amemaliza kufuma kitu, amekikunja, ametoka nacho chini ya mwavuli. Amerudi anatabasamu peke yake. Nimeamua kutouliza.

Alhamisi, 21 Machi
Mvua toka alfajiri.

Mashine imezima wodini. Ililia kwanza, king'ora chembamba, kisha ikanyamaza. Mtoto aliyekuwa akiitumia alikuwa ameshapata nafuu, kwa hiyo hakuna aliyedhurika. Injinia ameirudisha nyuma ya jiko, ameifungua, hakuona kitu. Ameiwasha: inafanya kazi kama haijawahi kuugua.

"Labda umeme," amesema wakati wa kula. Hakula vizuri.

Ijumaa, 29 Machi
Mvua kubwa siku nne mfululizo.

Mashine ya pili na ya tatu zimeenda wodini wiki hii, na zote zimezima na kurudi. Nyuma ya jiko zinafanya kazi, wodini zinakufa. Amepima umeme wa wodi, ni mzuri. Sasa anashuku unyevu, maana zile punje nyeupe zikinywa maji huwa hazishiki tena naitrojeni, na hewa yetu siku hizi ni ya kukamua. Ameagiza punje mpya kutoka jijini na anasubiri barabara.

Nilimshauri aende akazitazame zikiwa kazini. Ameenda mara nyingi. Kila anapofika anazikuta zimesimama safi, zimepanguswa, wauguzi wamejipanga kando kama darasa linalosubiri mkaguzi. Wodi iko mwisho wa baraza ndefu, na mtu anaonekana toka mbali anapokuja.

Baba yake amepiga simu. Alitaka kusema na mimi, si na yeye.

"Baba, mwambie aache kuchezea mabati. Wenzake waliomaliza naye wana kadi za ofisi."

"Hachezei. Anatafuta kosa."

"Na akilikosa?"

Nilimwambia atalipata. Nilipokata simu nikajiuliza nimelisema hilo kwa ujuzi gani.

Jumatano, 3 Aprili
Mvua. Mke wangu amemaliza kitu cha nne. Anafuma hadi anapopika.

Jumatatu, 8 Aprili
Daraja la barabara ya jijini limefunikwa na maji. Lori la mitungi halijafika.

Alhamisi, 11 Aprili
Mvua, na baridi ambayo sijaizoea.

Nitaandika kirefu, maana kuandika kunanituliza.

Mchana nilikuwa nyuma ya jiko nimempelekea Injinia chakula. Mashine ya nne ilikuwa imepona siku hiyo hiyo, inahema pembeni yetu. Tukasikia mtu anakimbia barazani. Alikuwa muuza mkaa, na mikononi ana mtoto wake wa kiume wa miezi sita, amemfunga kwenye koti. Hakututania. Hakutuona hata.

Tulimfuata wodini. Mtoto alikuwa akivuta pumzi, ngozi ya chini ya mbavu inazama kila mara, kama godoro linalobonyezwa. Midomo yake ilikuwa na rangi ya wino. Mashine ya kwanza na ya pili zilikuwa zimerudishwa wodini mitungi ilipopungua, zimewashwa toka asubuhi ukutani, na Matroni alikuwa ameshamwekea puani mpira wa ile ya kwanza. Baada ya muda midomo ikaanza kurudi. Muuza mkaa akaanza kusema, "Ee, ee, ee," kwa sauti ndogo, kama anayebembeleza mnyama.

Kisha king'ora.

Injinia alikuwa tayari ameivuta mashine ya pili. Akahamisha mpira. Ikafanya kazi, tukapumua. Nayo ikalia, ikazima. Nilimwona akiigusa ubavuni na kuuondoa mkono haraka. "Ni moto," alisema. "Kwa nini ni moto?" Wauguzi walikuwa wakikimbilia mtungi wa mwisho, na mtungi ule ulikuwa unapumua pumzi zake za mwisho wenyewe.

Akatoka mbio. Nilimsikia anarudi kabla sijamwona: magurudumu ya mashine ya nne kwenye sakafu ya baraza. Soketi za karibu na kitanda zilikuwa zimejaa, akaichomeka barazani, nje ya mlango, na kuupitisha mpira mrefu dirishani. Puu, haa. Puu, haa. Alikaa chini sakafuni kando yake, kichwa amekiegemeza kwenye mashine.

Ile haikuzima. Hadi naondoka jioni ilikuwa inahema, na mtoto amelala.

Daktari mkuu alikuja akiwa amelowa. Alisikiliza kila kitu, na kwa mara ya kwanza akasimama.

"Moja imefanya kazi, mbili zimezima," alisema. "Mtoto hapigiwi kura, binti. Hii moja ibaki hadi apone. Zilizobaki hazirudi wodini mwangu. Samahani."

"Daktari, nipe hadi—"

"Nilikupa."

Njiani Injinia hakulia. Alisema tu, "Ilikuwa moto, babu. Nyuma ya jiko haijawahi kuwa moto."

Ijumaa, 12 Aprili
Mvua haijakata.

Mwanangu amejua. Sijui nani kamwambia. Mji wetu hauhitaji simu. Anakuja Jumapili kwa njia ya mlimani, kumchukua bintiye. "Amejaribu," alisema. "Inatosha."

Nilipomwambia, Injinia alikuwa anakunja nguo. "Sawa," alisema. Nikauliza kama anakunja za safari. "Hapana, babu. Nakunja kwa sababu nafikiri vizuri zaidi mikono ikiwa na kazi. Sijamaliza."

Jumamosi, 13 Aprili
Mvua nyepesi.

Nimetoka kumwona mtoto wa muuza mkaa. Bado yuko kwenye mpira lakini anashika kidole cha baba yake na kukivuta mdomoni. Muuza mkaa alinipa kiti chake. "Mwalimu, mwambie Injinia mimi simlaumu," alisema. "Mwambie nimeoga, aje anione nilivyotakata."

Nimegundua pia siri ya mke wangu. Matroni hakuniona nikiingia kwa mlango wa nyuma, wa kufulia, kwa hiyo nimeikuta wodi ilivyo inapokuwa haimsubiri mgeni. Mashine mbili zilizokataliwa zimepangwa ukutani zikisubiri kuondolewa, na kila moja imevikwa kifuniko cha kufuma, cheupe chenye pindo la buluu, kimeshonewa bitana nzito ndani. Ameacha hata dirisha dogo mbele kwa ajili ya vitufe. Muuguzi mmoja alikuwa akiivika ile ya nne, iliyokuwa inahema. Walikuwa wameiingiza ndani na kuisogeza ukutani ili isilowe na mvua ya barazani.

Matroni alicheka aliponiona. "Umetufumania, Mwalimu. Ni zawadi ya mkeo kwa Injinia. Tulitaka zote sita zikivikwa ndipo tumwite na Daktari, tumfanyie kasherehe. Yeye ndiye aliyesema adui ni vumbi. Basi akija tunavivua upesi, tunavificha kabatini, asijue."

Nilimwambia zimependeza. Nilimwambia mke wangu amejishinda. Kweli zimependeza. Masikini, sasa hakuna sherehe.

Nimeketi kuandika ili nilielewe lile neno la Injinia la juzi, kwamba mashine ilikuwa moto. Si ajabu iwe na moto kidogo. Mtu yeyote aliyejaza upepo tairi la baiskeli anajua kwamba pampu hupata moto mkononi, kwa sababu hewa ikibanwa hutoa joto. Mashine hii inabana hewa mchana kutwa. Joto hilo lazima liwe na njia ya kutokea, na Injinia alinionyesha njia yenyewe: nyuma, mgongoni, kuna matundu na feni, inavuta hewa baridi na kuisukuma

Jioni, siku hiyo hiyo

Niliiacha sentensi hiyo ilivyo na sitaimalizia. Niliitupa kalamu. Nilitoka bila mwavuli, na kwa magoti haya nilitembea kama niliyekuwa kijana, maana mashine ya nne ilikuwa imevikwa, na upande wa pili wa mpira wake kulikuwa na mtoto.

Niliingia kwa mlango wa kufulia nikakivuta kifuniko kama ninavyovuta shuka la mtu aliyechelewa shule. Mashine ilikuwa ya moto kama birika. Muuguzi alipiga kelele akidhani nimechanganyikiwa. Niliisogeza mbali na ukuta, nikakaa mgongoni pake na kuupepea kwa kofia yangu hadi Injinia alipoitwa akaja. Haikuzima. Sijui ilikuwa imebakisha muda gani, na sitaki kujua.

Injinia alikitazama kifuniko. Alikigeuza, akaigusa bitana. Aliutambua mkono wa bibi yake. Blanketi lake la utotoni lina pindo lilelile.

"Babu," alisema taratibu, "mimi ndiye niliyewaambia vumbi."

"Ulisema kweli."

"Nilisema nusu." Kisha akajifuta uso. "Lakini hatujui bado. Tunadhani. Lazima tupime, na Daktari awepo."

Nilitaka kumwambia mke wangu niliporudi. Nilifika hadi kwenye neno "kifuniko" nikasema chai ni tamu.

Jumapili, 14 Aprili
Mvua imepumzika kidogo.

Mwanangu alifika asubuhi na matope hadi kwenye kioo cha gari. Alitaka mizigo. Bintiye akamwambia, "Baba, shikamoo. Nipe asubuhi moja. Ukitoka hapo bado unataka kunichukua, nitaingia garini mwenyewe."

Tulikusanyika kwenye chumba kidogo kando ya wodi: Daktari mkuu, ambaye alikubali kwa sharti kwamba hakuna mtoto atakayeunganishwa; Matroni; mwanangu; mimi; na mke wangu, ambaye Matroni alikuwa amemwalika kwa haraka bila kumwambia kwa nini. Injinia aliweka mashine ya kwanza na ya pili zikiwa zimepoa. Moja aliiacha wazi katikati ya chumba. Ya pili aliisogeza ukutani na kuivika, kwa uangalifu, hata akalinyoosha pindo.

"Ooh," alisema mke wangu. "Kumbe umeshaviona! Nani mmbeya?" Akanitazama mimi.

"Bibi, subiri kidogo."

Akaziwasha zote mbili. Tukakaa. Muuguzi alileta chai. Mwanangu alitazama saa yake, akatazama matope kwenye viatu vyake. Puu, haa, puu, haa, mbili kwa pamoja, kama watu wawili wanaopanda mlima. Sijawahi kuona jaribio la fizikia lililonitisha kiasi hicho. Nilitaka lifaulu na sikutaka lifaulu.

Ile iliyovikwa ikalia. Daktari alikuwa na kikombe mdomoni, hakukishusha. Ikalia tena, ikazima. Ya wazi iliendelea.

"Gusa," Injinia alimwambia Daktari. Akagusa. "Na hii." Akagusa. Kisha akazibadilisha: akaivua ile na kuiwasha tena, akaivika nyingine. Tukangoja tena, na hapo hata mwanangu alikuwa ameacha kutazama saa. Nyingine nayo ikalia.

Matroni alikaa chini. "Mimi," alisema. "Kila mara alipokuja nilivivua. Hata Alhamisi zilikuwa zimevikwa toka asubuhi."

"Hapana, Matroni. Ni mimi." Injinia aligeuka kwa bibi yake. "Bibi, nivumilie. Niliwaambia wodi nzima vumbi ni adui, nikaondoka. Sikuwaambia kwamba mashine inapumulia mgongoni. Mngejuaje?"

Mke wangu aliinuka. Alikwenda kwenye mashine, akakivua kifuniko mwenyewe, akakikunja mara mbili, akakikumbatia.

"Kwa hiyo nilikuwa nazifunga pua."

"Ndiyo, bibi."

"Zote?"

"Zote."

"Na yule mtoto wa jirani."

Akasogea karibu zaidi. Aliweka kiganja chake nyuma ya ile iliyokuwa inahema, pale kwenye matundu, akakiacha hapo hadi akausikia upepo. "Hee," alisema. "Inahema kweli." Kisha akamgeukia mjukuu wake, macho yamejaa. "Ungekuwa mke mwenza wa kweli ningesema unanionea wivu, unataka kunivunjia kazi yangu. Haya. Nionyeshe vumbi linazuiliwaje bila kuziba pua."

Na mjukuu wangu akaonyesha. Kichujio kinavuliwa kila Jumatatu, kinaoshwa, kinakaushwa kivulini. Mashine inakaa mbali na ukuta. Na muuguzi yeyote anayeingia zamu, kabla ya kitu kingine, anaweka kiganja mgongoni mwa mashine. Matroni alirudia kila neno kwa sauti, kama anayekariri.

Daktari mkuu alianza kutembea tena. "Kesho asubuhi zirudi wodini," alisemea mlangoni. "Zote."

Mwanangu aliondoka mchana, peke yake. Hakukubali na hakukataa. Alimwambia bintiye tu, "Juni bado ipo." Lakini nilimwona, alipopita barazani, akiinama na kuweka kiganja nyuma ya mashine ya nne alipodhani hakuna anayemtazama.

Alhamisi, 18 Aprili
Mvua. Mtoto wa muuza mkaa ametolewa mpira. Ametutapikia maziwa wote wawili, mimi na baba yake, bila upendeleo.

Alhamisi, 25 Aprili
Mvua kubwa kuliko zote. Mto umechukua daraja.

Wodi imejaa, vitanda viwili viwili. Mashine tano zinafanya kazi mchana na usiku. Ya sita haitapona, ametoa vipuri vyake na kuwapa wenzake. Umeme ukikatika jenereta ya hospitali inashika, na Injinia anazunguka akiziwasha moja baada ya nyingine. Analala kwenye kiti. Mke wangu anampelekea chakula na kumlisha kwa kijiko kama mtoto mchanga, huku akigusa migongo ya mashine akipita.

Jumapili, 28 Aprili
Mvua.

Tumempoteza mtoto mmoja. Aliletwa kutoka ng'ambo ya mto, wazazi walisubiri maji yapungue ndipo wavuke, akafika amechelewa mno. Mashine ilikuwa inafanya kazi. Injinia aliniuliza kama hilo linapaswa kumfariji. Nilimwambia halipaswi. Baadaye akasema zahanati ya ng'ambo nayo ina chumba kilichofungwa. Muuguzi wao amemwambia.

Jumatatu, 6 Mei
Manyunyu. Lori la mitungi limefika kwa njia ya mlimani, limechelewa mwezi mzima. Dereva ameuliza mbona hatukupiga kelele.

Jumamosi, 18 Mei
Jua nusu siku.

Kampuni imempigia. Juni inakaribia, wanataka jibu kama ataanza. Alitoka nje kuzungumza, akarudi.

"Nimewaambia hapana, babu."

Nilimwuliza kama ana hakika. Nilimweleza, kwa sababu ni kazi yangu kueleza, kwamba hospitali bado haina nafasi ya kazi yake. Daktari amemwombea, lakini kuomba si kupata. Akistahimili hapa atavaa viatu hivyohivyo kwa muda. Nilimwambia kuuza mashine nzuri nako ni kuwatumikia watu, wala asiamue kwa sababu ya kutuonea huruma wazee.

Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo wanafunzi wangu hawakuwahi kulifanya.

"Mashine hizi sita ziliuzwa na watu wazuri," alisema. "Walizileta, wakaonyesha vitufe, wakaondoka. Mimi nilifanya vilevile na mashine ya kwanza. Nataka kuwa yule anayebaki baada ya vitufe."

Nilimpigia baba yake mwenyewe. Hakubishana. Kisha akauliza, "Ana koti la mvua la maana?" Nikasema hana. Akasema atatuma.

Jumatatu, 27 Mei
Mvua imekata. Anga imeoshwa.

Injinia ameondoka asubuhi kwa boti ya zahanati kuvuka mto, na sanduku la spana na msumeno wa kukatia kufuli. Atarudi Ijumaa. Muuza mkaa amembebea sanduku hadi majini, mtoto akiwa mgongoni. "Injinia, ukikuta wachafu kuliko mimi huko ng'ambo uniambie," amesema. "Nina sifa ya kulinda."

Mke wangu amekaa barazani akifumua. Vile vifuniko vyeupe vyenye pindo la buluu amevifumua vyote, uzi ameufunga mabonge, na sasa anafuma kofia za watoto wa wodini. Ya kwanza imeshakamilika. Amenivalisha gotini kuona ukubwa.

Nimeingia sebuleni kusikiliza taarifa ya habari. Redio yetu imevaa kitambaa cha kufuma tangu tulipooana. Nimekuwa nikikiinua pembeni kila siku ili nifikie kitufe, mimi mwalimu wa fizikia. Leo nimekivua, nimeweka kiganja nyuma yake, nikangoja ipate moto.

"Unafanya nini huko?" mke wangu ameuliza kutoka nje.

"Nasikiliza kama inapumua."

"Iache wazi basi. Lakini vumbi lake," amesema, "utapangusa wewe."

Nimepangusa.